Rimu zangu na mchanga wa shangazi

Leo asubuhi nimemfokea mwanamke aliyenilea, kwa sababu ya magurudumu ya gari.

Nilifika kwa shangazi jana, huku ziwani, rimu zangu za alumini zikiwa nyeusi kwa vumbi la makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka.

Ni rimu za kung'arishwa. Zinataka maji, sabuni na kitambaa laini, basi.

Nilipoamka nikamkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la nne, anasugua kwa mchanga wa ufukweni na majivu, kama sufuria. Rimu tatu za kwanza zilikuwa zimekwaruzika kote.

"Shangazi, nani amekutuma? Umeniharibia gari."

Majirani waliokuwa wakitoka kuchota maji walisimama kutusikiliza.

Hakuinua kichwa. "Sufuria zilizokulisha hapa nilizisugua hivi hivi, baba. Hukuwahi kulalamika."

Akanawa mikono, akaingia ndani.

Nimeomba radhi mlangoni mara mbili. Hajatoka.

Fundi wa Mbinga ameniambia kwa simu kwamba mikwaruzo hiyo inatoka kwa siku moja.

Msiniambie kwamba alikosea. Niambieni naanzia wapi.

Kila ninapoondoka, shangazi hunisindikiza hadi barabarani akinibebea furushi la dagaa. Leo furushi langu la usipa mkavu limeletwa na jirani.