Kuku wa Mke wa Askari

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli, ugali wake unanuka gunia hata ukiula kwa papa. Pale kwetu Mtoni alikuwepo askari aliyerudi vitani, yeye na mkewe, hawana mtoto. Wakasema watamsomesha mtoto mmoja wa mtaa, wakanichagua mie, msichana, na makamasi yangu yote.

Mama akanipa kuku nikawashukuru. Kwetu huendi kushukuru mikono mitupu.

Nikamkuta mke wa askari. "Shikamoo mama. Kuku wako huyu."

"Marahaba. Kuku sichukui. Mrudishe kwenu, wewe nenda shule."

Nyumbani mama akashika kichwa. "Amekataa kuku, basi na wewe hakutaki. Rudi naye."

Nikarudi nalia. Mlangoni kwa askari kamba ikalegea, kuku akakimbilia uvunguni, akataga ndani ya buti la vitani. Askari mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu naye kashajiandikisha jeshi."

Mkewe akalitoa yai, bado la moto, akanitia kiganjani. "Mwambie mama yako, mume wangu alipokuwa vitani mtaa huu ndio ulionilisha. Sasa ni zamu yangu."

Nikasoma mpaka darasa la nne. Barua zangu naandika mwenyewe, simwombi mtu.

Leo asubuhi binti wa jirani, ninayemsomesha, kasimama mlangoni na kuku kwapani, ananuka manyoya na vumbi. Nikacheka kwanza, ndipo nikamwambia:

"Kuku sichukui. Mrudishe kwenu, wewe nenda shule."