Mtu wa Sita Nyumbani Kwetu Saltley

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nimekuona unatafuta ukoo wetu kwenye kompyuta kwa ajili ya shule, umebofya weee, sasa unasonya kwamba Bibi yako hayumo popote. Basi kaa hapa. Usinijibu kwa Kiingereza, nisikilize kwanza.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulipanga nyumba mtaa wa Saltley, huku ughaibuni, mimi, baba yako na watoto watatu, na mkataba ulisema watu watano. Kisha Bibi yako, mama mkwe wangu, akaja kutoka kambi ya wakimbizi, karatasi zake za kuingia huku safi kabisa, tukawa sita. Ikaletwa fomu ya sensa: nani anaishi humu? Kalamu niliishika mimi. Kule kambini tuliongeza vichwa ili posho itoshe. Hata mtoto wa jirani alikuwa wangu siku ya kuhesabiwa. Huku nikafanya kinyume, nikampunguza Mama, huyo Bibi yako. Niliogopa mwenye nyumba akisikia tuko sita atatutoa. Nikajiona mjanja kweli, fomu nikaipeleka posta mwenyewe.

Wiki ileile jirani yetu Maureen, mama wa Kizungu aliyekuwa anakaribia miaka themanini, aliniomba nimsindikize maktaba mjini. Alikuwa anatafuta watu wa mama yake, aliyezaliwa mtaa wa jirani, Washwood Heath. Mhudumu akatufungulia karatasi ya sensa ya mwaka 1911, ile yenyewe, mwandiko wa babu yake Maureen. Juu babu, kisha mkewe, kisha watoto. Maureen akawa anasoma kwa kidole huku anatabasamu, mpaka akafika kwenye majina mawili yaliyokatwa kwa wino mwekundu. Alfred. Edith.

“Hawa ni nani?” akauliza. “Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu!”

Mhudumu akamweleza taratibu. Fomu ilitaka walio hai waliomo nyumbani, basi. Lakini kuna baba walioshindwa kuwaacha watoto wao waliokufa, wakawaandika pamoja na wenzao, ndipo karani akapita akawakata. Maureen akaziba mdomo kwa mkono. Umri wote ule, hakuwahi kusikia kwamba mama yake alifiwa na ndugu wawili. Akalia palepale, nami nikamshika bega.

Mama yangu weee! Yule mzee aliandika mpaka wafu wake. Mimi nilikuwa na mtu mzima wa afya, anasonga ugali jikoni kwangu, nikamwacha nje! Nikauliza fomu zetu za sasa zitafunguliwa lini. Baada ya miaka mia, akasema. Na mwenye nyumba je, anazisoma? “Hapana mama, ni siri.” Ala! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilirudi nyumbani mbio, nikampigia magoti Mama, nikamweleza yote. Nilidhani atanifokea. Alinitazama tu, mwiko mkononi, macho yamemtoka.

“Mama Neema,” akasema, “vita vilichoma nyumba yangu na karatasi zangu zote. Mahali pekee nilipobaki ni hapa kwako. Na hapa napo hukuniandika?”

Nilisema nitapiga simu wanisahihishie. Baba yako akaogopa, nami nikasema kesho, kesho tena, muda ukapita. Kabla sensa nyingine haijaja tulikuwa tumeshamzika.

Sasa nisikilize vizuri. Ukichungulia karatasi za zamani usimkute mtu, usikimbilie kusema hakuwepo. Nyingine ziliungua, na nyingine ziliandikwa na mwoga kama mimi. Njoo utuulize sisi tulio hai, tena uulize mapema, maana hatukai milele. Na fomu ikifika mlangoni kwako, mwandike kila anayelala humo, awe mzee, awe mgeni aliyekuja kukaa. Ukikosea, sahihisha siku hiyohiyo. Haya, chukua kalamu: Nabintu, mama yake baba yako, aliishi Saltley, alikuwa wa sita.

Mungu akujalie kizazi kitakachokutafuta, na kikikutafuta kikukute.