Shahada Iliyotolewa Shukrani

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Maduka yalijaa bidhaa ambazo utotoni tulizisikia tu kwa watu waliotoka safari, redio zilikuwa nyingi hadi mtu anachoka kutafuta, na shule za binafsi zilijengwa hata kwenye viwanja tulivyozoea kulima karanga. Kanisa letu la Nkuhungu nalo likaamua kuwa na sekondari yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wazee wa kanisa waliniambia wazi kwamba ukuu wa shule ni wangu, mradi niwe na shahada kabla shule haijafunguliwa. Niliutaka ukuu ule. Siwezi kujifanya sikuutaka.

Kwenda kukaa chuoni hakukuwezekana. Nilikuwa na watoto wadogo, na mama yangu alikuwa anaumwa kule kijijini Zuzu, akinisubiri kila mwisho wa wiki. Ndipo watu walipoanza kusimulia habari za vyuo vya kwenye kompyuta: unasoma ukiwa nyumbani kwako, masomo yanakuja kwa intaneti, na shahada inakufuata kwa posta. Nilikaa jioni nyingi na baba watoto kwenye duka la intaneti karibu na soko, ambako wakati wa vikao vya Bunge, wageni wakijaa mjini, hata kiti hupati. Yeye alibonyeza, mimi nilisoma. Kila chuo kilikuwa na picha za majani ya kijani na wanafunzi wanaocheka. Nimefundisha muda mrefu, na mwanafunzi anayesoma kweli hachekicheki namna ile. Kwa hiyo nikajiwekea maswali: nani anafundisha, nani anasahihisha, mtihani unafanyikia wapi na mbele ya nani, na ni serikali gani inayokitambua chuo chenyewe.

Maswali yalikuwa mazuri. Lakini kanisani kwetu tulikuwa na njia yetu ya kuhakikisha mambo. Mtu akipona, akifaulu, akinunua kitu cha maana, hutoa shukrani, na kitu chenyewe huletwa mbele kikaombewa. Tumewahi kuombea pikipiki. Kikishaombewa, hakuna tena wa kuuliza kimetoka wapi, maana ni kama unamhoji Mungu. Na mzee mmoja wa kanisa, mhasibu wa serikali na mwenyekiti wa kamati ya ile shule, alikuwa ameshatoa shukrani kwa shahada ya chuo kimojawapo cha kompyuta. Alivaa joho na kofia, shahada ikiwa kwenye fremu, ikalazwa karibu na kikapu cha sadaka, mchungaji akaiwekea mikono. Nikasema basi, chuo changu ni hicho, na maswali yangu nikayaweka kando.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja hata soda hatujamaliza. Walinipongeza. Walisema kazi yangu ya ualimu imetosha kuhesabiwa kuwa ndiyo masomo, sina haja ya kusoma kitu kingine, ila niwachagulie mambo mawili tu: fani ninayotaka iandikwe, na daraja la ufaulu. Nilirudia kusoma, nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Hakikuwa kimenipiga chenga. Nikamwambia baba watoto atoke kwenye ukurasa ule. Akaniuliza kwani kuna nini, mbona wamenikubali.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee wa kanisa. Kichwani nilikuwa nimeshamtetea: yeye alisoma, bila shaka, na hawa walionijibu ni matapeli waliojifanya chuo chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, chai ikaletwa. Nilipomaliza kumweleza, akatabasamu taratibu.

"Mwalimu, mimi nilichagua daraja la pili," alisema. "La kwanza watu wangeshtuka."

Chai ilinishinda. Huyu ndiye aliyekuwa anahesabu sadaka zetu kila Jumapili. Akaendelea kunieleza kwa upole kwamba shule inataka mkuu, serikali inataka karatasi, na mimi nafaa kuliko vijana wengi wenye karatasi halali, kwa hiyo tunawapa wanachotaka na kazi iendelee. Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba kuhusu wale vijana hakuwa amekosea sana. Nikaaga. Nilipofika nyumbani nilimwambia baba watoto kwamba ule ni uongo mtupu, siutaki hata kwa kupewa bure, na ukuu kama unapita njia hiyo basi uende zake. Nilifoka hadi watoto wakatoka nje. Yeye alinisikiliza kimya, na mimi nikachukulia kwamba amenielewa.

Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja, kwenye matangazo, mchungaji akasema kuna familia ina shukrani ya pekee, akataja jina langu. Nikamgeukia baba watoto. Alikuwa ameshavuta mfuko kutoka chini ya benchi, na ndani yake kulikuwa na joho jeusi lenye ukosi mwekundu. Alikuwa amelishonesha kwa fundi anayenishonea vitenge, ambaye vipimo vyangu anavyo. Alinivika mwenyewe, likanikaa sawasawa, na kukaa kwake vizuri namna ile kulinitisha.

"Nimekuchagulia daraja la kwanza," akaninong'oneza, uso umemjaa furaha. "Unastahili."

Kwaya ya kina mama ilikuwa imeshaanza, vigelegele vimetanda, na watoto wangu wamekimbilia mbele wakiibeba fremu yenye jina langu. Sikumbuki kuamua kutembea. Nadhani nilisukumwa. Nilipofika mbele nikapewa kipaza sauti, nikasema, "Sijasoma."

Wakapiga makofi. Kwetu mtu akisifiwa hutakiwa akatae kidogo ndipo apokee, na wao walijua ninafanya hivyo. Mama mmoja nyuma akasema amina. Niliwatazama, nikaona naweza kusema kweli hadi jioni na wao wakaendelea kunipenda kwa unyenyekevu wangu.

"Sijasoma hata ukurasa mmoja," nikarudia. "Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenitahini. Hicho cheti mume wangu amekichagua dukani, kama mtu anavyochagua kitambaa."

Makofi yakakatika. Mzee wa kanisa, benchi la mbele, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanangu mkubwa akaigeuza fremu ili maandishi yaelekee kifuani kwake, kisha akamtazama baba yake. Mchungaji akachukua kipaza sauti, akahangaika kidogo, halafu akasema tusimame tuimbe. Tukaimba wote, nami nikiwa bado ndani ya lile joho.

Tulirudi kwa miguu, watoto wametangulia. Kuhusu ukuu sikuwa na la kujidanganya, kamati isingeniita tena. Baba watoto alikuwa amelikunja joho kwapani, na tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo.

"Nilitaka tu watoto wakuone umesimama pale mbele," alisema.

"Wameniona," nikamwambia.