Kufuli Iliyomfungia Nje Aliyeitengeneza

Niliacha kwenda kliniki kwa sababu ya maombi. Mama anayepokea wagonjwa kwenye kliniki hiyo, karibu na kwetu mtaani Mountain View, tunasali naye kanisa moja. Jumapili moja alisimama akasema, "Tumkumbuke shosho wetu, sukari imempanda vibaya." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesoma faili yangu kaunta, akanihurumia. Lakini benchi nzima iligeuka kunitazama, na baada ya ibada nikaletewa chai isiyo na sukari bila kuulizwa.

Tangu hapo sikumwambia mtu habari za mwili wangu. Hata kidonda kilipotokea chini ya kidole gumba cha mguu, nilivaa soksi, na mjukuu wangu aliponiuliza mbona nachechemea nikasema ni kiatu kinanibana.

Yeye ni fundi wa kompyuta. Kliniki hiyo ilimpa kazi yeye na wenzake: kuondoa faili za karatasi, habari zote za mgonjwa zikae ndani ya mashine. Alifanyia kazi mezani kwangu. Nikamuuliza vifaa amenunua kwa nani.

"Hatununui, Shosho. Tunatumia programu za bure. Watu wa dunia nzima wanaziunda, na mtu yeyote anaweza kufungua aone venye zimeundwa."

"Yeyote? Hata mwizi?"

"Hata mwizi."

"Basi umejenga nyumba bila mlango, wewe msichana."

Hakubishana. Alisema tu, "Si wewe uliuza kufuli River Road?"

Niliuza, miaka mingi. Na mezani pangu nilikuwa na kufuli moja iliyokatwa katikati, mteja aone springi na meno ya ndani. Aliyeona alinunua. Zile za kufichwa-fichwa zilifunguka kwa msumari. Kujua kufuli ilivyoundwa hakumpi mtu ufunguo wangu. Mtoto niliyembeba mgongoni pale pale River Road alikuwa ananifundisha biashara yangu mwenyewe.

Siku mashine ilipoanza kazi nilienda kliniki, nikichechemea. Yule mama wa kanisa akabonyeza, nami nikainama juu ya kaunta kuangalia, bila aibu. Jina langu na namba ya foleni. Basi.

"Leo sioni kitu, shosho," akalalamika. "Sasa nitakuombea nini?"

"Niombee tu. Mungu anajua."

Ndani, daktari akaweka namba yake ya siri, na ugonjwa wangu wa miaka yote ukatokea pale kwenye kioo. Nikavua soksi. Alinigombeza, akasafisha kidonda, akaandika.

Jioni nikamwambia mjukuu, "Fungua faili yangu uniambie daktari ameandika nini."

"Siwezi."

"Si wewe uliijenga?"

"Niliijenga hivyo, hata mimi nisiweze. Na nikijaribu, itaandika kwamba nimejaribu."

"Jaribu."

Akajaribu. Ikamkatalia mbele ya macho yangu, na yeye akacheka kwa furaha. Nimeishi na mafundi mji huu tangu nikiwa msichana, na kila mmoja alibaki na ufunguo wa ziada mfukoni. Huyu hakujiachia hata mmoja.

Nikavuta stuli, nikaweka mguu juu, nikaanza kuvua soksi.

"Sogea hapa," nikamwambia. "Si kiatu."