Kibodi ya Kifaransa

Kupiga chapa nilifundishwa na sista mmoja Mfaransa, pale Korogwe, kwa mashine aliyokuja nayo kutoka kwao. Herufi zake zilikaa wanavyotaka Wafaransa: A mahali pa Q, M pembeni kabisa. Sista alitufunika mikono kwa kanga, ncha mbili shingoni, mbili zimebanwa kwenye mashine, na ole wako uchungulie. Vidole vikaijua njia, macho hayakujua kitu.

Kompyuta zilipoingia katika kampuni ya mkonge iliyoniajiri pamoja na mashine aliyoniachia sista, barua yangu ya kwanza ilitoka kama matusi ya nchi nisiyoijua. Nililia chooni. Fundi aliyezileta akanionea huruma, akanionyesha namna ya kuigeuza kibodi kwa ndani iwe ya Kifaransa, ingawa herufi za juu ya vitufe zilibaki vilevile. Hatua zake niliziandika kwenye karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nikipelekwa tawi la Handeni, kabla sijamaliza kusalimia watu, kompyuta ya huko imeshakuwa Mfaransa. Nikienda tawi la Mnyuzi, hivyo hivyo. Kuzirudisha nilisahau. Basi, nasema uongo: sikutaka.

Wenzangu wakaamini kompyuta zile zina kichaa na zinanisikia mimi tu. Sikuwakatalia. Nilitembea mabega juu.

Kisha kampuni ikauzwa. Mwekezaji alitaka watu wapunguzwe, nami usingizi ukaniruka, maana vidole hivi ndivyo vilivyosomesha wanangu wawili. Siku moja meneja, mzee mpole, akanitoa ofisini, akajifungia na kompyuta asubuhi nzima. Tulimsikia akigonga kitufe kimoja kimoja na kuguna. Mchana akafungua mlango, jasho linamtoka.

“Mama, njoo unisaidie. Hii mashine yako inanidharau.”

“Haya, mzee. Nichape nini?”

Akanipa karatasi ya mwandiko wake, akageukia dirishani. Yalikuwa majina ya watakaopunguzwa. La nne lilikuwa langu.

Nilipandwa na hasira, lakini vidole havikuwa na habari. Vilichapa la kwanza mpaka la mwisho, na langu humo humo, bila kosa.

“Tayari, mzee. Na barua zao, nani atazichapa?”

Akajifuta jasho, mgongo kwangu.

“La nne lifute,” akasema.

Ndipo kwa mara ya kwanza tangu kanga ya sista nikatazama chini kutafuta kitufe cha kufutia. Nilipokipata, jina langu likatoweka, na mfagizi wetu, aliyekuwa wa tano, akapanda kukaa mahali pangu.