Siku Niliyoruka Plagi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nilikuwa nimesimama uani napepeta uwele, pumba zimenijaa kwenye nyusi, Mama Samweli jirani yetu alipoingia mbio bila hata hodi.

"Baba yako yuko wapi? Mama yako kaumwa na nyoka shambani!"

Nyoka alikuwa kifutu, kamuuma kwenye kisigino. Baba na baba mkubwa walimbeba mama hadi nyumbani, wakamlaza kwenye mkeka kivulini. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba na ngozi inang'aa. Hospitali ilikuwa Mvumi, na njia ya kufika ilikuwa moja tu: pikipiki kuukuu ya baba, aliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyehama.

Baba akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena na tena, jasho linamtoka. Akafungua tangi, mafuta yamo. Na asubuhi ile ile alikuwa ametoa plagi, akaisugua kwa msasa na kuirudisha.

Hapo ndipo baba mkubwa alipogeuka na kunitazama.

"Huyu," akasema. "Asubuhi plagi ilikuwa chini juu ya gunia, huyu akapita na ndoo ya maji akairuka. Nilimwona kwa macho yangu."

Kwetu tulifundishwa kwamba mtoto wa kike haruki chombo cha mwanamume. Upinde ukirukwa, mshale hauui. Shoka likirukwa, linakata mguu wa mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kutaja plagi, lakini baba mkubwa aliiingiza kwenye orodha siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemuuliza. Hata baba hakuuliza. Kaka yake akisema, yeye hunyamaza. Ndivyo walivyolelewa, na mpaka leo silisamehe lile jambo la kulelewa hivyo.

"Arudie alikoruka," baba mkubwa akaamuru. "Kisha aitemee maji."

Baba akaifungua plagi tena, ikawekwa juu ya gunia. Nikairuka kinyumenyume mara tatu, watu wazima wamesimama wananitazama, mama anaugulia hatua kumi kutoka pale. Nikapewa kata ya maji. Nijaze kinywa, niitemee mashine, niseme, "Nimetoa kinywani, nimetoa moyoni." Nikatema kwenye injini, kwenye waya, na ndani ya kofia ya plagi.

"Hajatema kwa moyo," baba mkubwa akasema. "Tena!"

Nikatema tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na niliamini kila neno. Niliamini ninamuua mama yangu, na kwamba mate yangu ndiyo yaliyobaki kumwokoa. Leo, nikiwa na watoto wanne na mgongo unaouma, sijui ni mtu mzima wa namna gani anayeweza kumtwisha mtoto mzigo huo kisha akasimama pembeni na mikono nyuma.

Plagi ikarudishwa, kiki ikapigwa. Wapi! Maji yale yalikuwa yameifanya iwe mbaya zaidi.

Ndipo akatokea mzee Issa, mnunuzi wa mbuzi kutoka Kondoa, ambaye alikuwa na pikipiki yake kwao. Alimtazama mama, akatazama mashine, akasema salamu zitangoja.

"Moto mmeuangalia?"

"Moto gani?" baba akauliza.

Mzee akaifungua plagi, akaichomeka kwenye kofia yake, akaigusisha na chuma cha injini. "Piga." Hakuna cheche. Akachungulia ndani ya kofia.

"Astaghafiru! Nani kamwaga maji humu?"

Watu wote wazima wakatazama chini.

"Mimi," nikasema. "Nimeambiwa niteme."

 Alimtazama baba mkubwa, kisha akakausha kila kitu kwa kanzu yake. "Piga." Bado. Akaanza kuufuata waya wa swichi kwa vidole, taratibu, mpaka shingoni chini ya usukani. Pale waya ulikuwa umesuguliwa kwa kugeuzageuza usukani, shaba iko wazi, inagusa chuma. Moto ulikuwa unaishia pale. Akauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli.

"Piga."

Cheche ya buluu. Plagi ikafungwa, injini ikaunguruma. Mama akapakizwa katikati, baba mbele, Mama Samweli nyuma amemshika kiunoni.

Vumbi halijatua, baba mkubwa akapiga makofi. "Mmeona? Maji ya mtoto yamefanya kazi!"

Mama alikaa hospitali siku nyingi. Waliokoa mguu, lakini kisigino kilibaki na shimo, na mpaka leo anachechemea. Kiasi gani cha shimo lile ni cha kifutu na kiasi gani ni cha kata za maji, hakuna daktari atakayeniambia.

Jioni aliyorudi, tuliandaa ugali wa uwele na mlenda. Kabla hatujanawa, baba mkubwa akaanza kusimulia alivyoniponyesha kosa langu.

"Ulikuwa waya," nikasema.

"Mtoto, nyamaza."

Mama akaweka mwiko chini. "Baba Yudithi," akamwita baba kwa jina langu, "pikipiki ilikuwa na nini?"

Baba alimtazama kaka yake. Akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akakosa cha kunawa.

"Waya," akasema.

Ndiyo samahani pekee niliyowahi kuombwa. Nimeigeuza miaka mingi nikiona jinsi ilivyo ndogo. Lakini nilimjua baba, na najua ilimgharimu nini kulisema neno lile mbele ya kaka yake. Nilikula nikashiba, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mama akatuhesabu kwa kidole: shemeji yake, mumewe, mimi, wadogo zangu wawili, na yeye mwenyewe, mguu ameunyoosha.

"Tumetimia," akasema. "Kuleni."