Mkono Usiotajwa wa Mechack

Saa moja na nusu asubuhi, jua la Kolwezi linaingia kwa mshazari katika chumba cha mazoezi, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka. Watu saba wamekaa kwenye mabenchi. Mbele yao Marlène Kabeya, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anainua mabega, anayashusha, anageuza shingo. Wanamfuata polepole, kama watu wanaotembea ndani ya maji.

Marlène si daktari. Ni mkalimani. Chanda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ametoka Zambia na hajui Kiswahili. Yeye husema kwa Kiingereza; Marlène, aliyesoma Solwezi, hufasiri.

Kazi imemfunza jambo ambalo shuleni hakuambiwa. Katika Kiingereza, kiungo cha mwili mara nyingi hukaa ndani ya kitenzi. Chanda akisema "shrug", mabega yamo humo. Akisema "nod", kichwa kimo. Akisema "wave", mkono umo. Marlène hulazimika kukitoa nje: inua mabega, itikia kwa kichwa, punga mkono. Daftari lake lina vitenzi sitini na vitatu vya namna hiyo. Arobaini na kimoja vilimtaka ataje kiungo.

"Nilizania ni mambo ya maneno tu," anasema. "Kisha Mechack akafika."

Mechack, miaka ishirini na sita, alikuwa mchimbaji karibu na mgodi wa Mashamba. Ukuta wa udongo ulimwangukia bega la kulia. Mfupa umeunga na mishipa ni mizima, lakini mkono unaning'inia. Anataka kuendesha pikipiki ya abiria, kazi isiyofanyika kwa mkono mmoja.

Kituo kina kanuni. Asiyesogeza kiungo chake mwenyewe ndani ya wiki sita humwachia nafasi mwingine. Wanaosubiri ni kumi na wawili.

Kwa wiki tano Marlène alimwambia apunge mkono. Kila mara Mechack aliutazama, akatoka jasho, na mkono ukabaki pajani.

"Ukitaja mukono, mama, naiogopa," alimwambia. "Naiangalia, naona ni ya mutu mwingine."

"Kama ni mugeni, umupatie kiti," akadakia Fifi, mwenye goti bovu, kutoka benchi la pili. Mechack mwenyewe alicheka.

Marlène huandika wanayosema wagonjwa. Nyumbani aliisoma sentensi ya Mechack kando ya safu ya maneno ya Kiingereza katika daftari lake, akagundua kwamba Chanda hakuwa ameutaja mkono hata mara moja.

"Ni mi nilikuwa naitaja," anasema.

Jumanne ya wiki ya sita alibadili njia. Mke wa Mechack, Jémima, alikuwa akielekea getini. Marlène alisimama dirishani, akasema tu, "Bibi yako anaenda. Umuage."

Mechack alimtazama mkewe, si bega lake. Mkono uliondoka pajani na kusimama hewani. Chanda aliipima pembe yake: nyuzi thelathini na tano.

Marlène hasemi ni muujiza. Aliwajaribu wengine wanne kwa njia ileile. Wawili walisogeza kiungo zaidi, wawili hawakubadilika.

Leo ni siku ya mwisho ya wiki ya sita. Jémima anasimama getini tena. Mechack anamuaga mara tatu. Chanda anasoma kipimo: thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili. Anaandika kwamba Mechack hamwachii mtu nafasi yake.

Marlène anaandaa kijitabu cha amri zisizotaja kiungo, kwa wauguzi wa Kasaji na Sandoa. Amemaliza ishirini na nne. Zilizobaki ni ngumu zaidi.

Mechack bado ametazama getini, ingawa Jémima ameshapotea barabarani.

"Na siku ya moto, mama?" anauliza, akimaanisha pikipiki. "Utaniambia nini, bila kutaja mukono?"

Marlène anafunga daftari.

"Nitapanda nyuma yako," anasema. "Nitakuambia: twende."